Bi Fusae, Fundi wa Pua

Watu wakiambiwa kwamba Tokyo palikuwa na mwanamke aliyeishi maisha yake yote kwa kutengeneza pua, hucheka kwanza. Wakishamaliza kucheka huuliza, pua za nani? Hapo Bi Fusae Kuwabara alikuwa akiweka kikombe chake cha chai chini na kujibu taratibu kwamba ni za Warusi hasa, ingawa aliwahi kutengeneza za Wanorwe wachache, na moja ya Mfaransa iliyomtesa wiki nzima.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, katika jumba la kundi la michezo ya kuigiza la Minamo, na upande wa ndani huwezi kusimama wima. Rafu zilijaa sura za plasta za waigizaji wote waliowahi kupita pale, wamefumba macho kama watu waliojiloweka kwenye maji ya moto. Chini ya kila sura kulikuwa na kisanduku cha pua zake: ya mwenye shamba, ya kasisi mlevi, ya jenerali mstaafu. Nta, utomvu wa msonobari na unga kidogo, unachanganya, unapasha moto kiganjani mpaka mchanganyiko uwe laini kama mochi, ile keki ya mchele uliotwangwa. Halafu unafinyanga.

"Pua mtoto yeyote anaweza kuifinyanga," Bi Fusae alikuwa akisema. "Kazi iko pale inapokwisha na uso unapoanza."

Na ukitaka kujua pua zenyewe zilikuwa za nini, ni hivi. Kundi la Minamo liliigiza michezo ya Ulaya tangu kabla ya vita. Waigizaji wote walikuwa Wajapani, watazamaji wote Wajapani, na maneno yametafsiriwa kwa Kijapani. Lakini daktari wa kijiji cha Urusi lazima awe na pua ya daktari wa kijiji cha Urusi, ndefu, yenye tuta katikati. La sivyo, waliamini pale, huo ni uongo. Jukwaa lilikuwa nyumba ya watu iliyoondolewa ukuta mmoja, basi. Mlango ulikuwa mlango, ukibamizwa ukuta unatikisika. Supu ilikuwa supu, inatoa moshi. Watu walikaa wiki nzima wakijifunza kupandisha mabega kama walivyoona kwenye picha, wakatembea na mabuti ya manyoya mwezi wa sita, jasho linawachuruzika, kwa sababu kwenye mchezo ni baridi. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Urusi.

Mwaka mmoja walimleta Mrusi aliyekuwa akitembeza mikate mitaani, mmoja wa wale waliokimbia nchi yao, akae safu ya mbele awaambie wanakosea wapi. Yule bwana alitazama kimya hadi sehemu ya pili, mwenye shamba alipoingia akipangusa theluji mabegani, akaanza kulia. Alisema amemwona mjomba wake. Wapo waliosema alilia kwa sababu supu ilikuwa inanukia naye hajala tangu asubuhi, lakini Bi Fusae hakuwasikiliza. Pua ile ya mjomba ndiyo ya kwanza aliyoitengeneza peke yake, akiwa na miaka kumi na tisa.

Alikuwa ametoka kwao kwa ugomvi. Baba yake alitengeneza nywele za bandia za waigizaji wa kabuki, ile michezo ya jadi, huko mtaa wa Asakusa, kama baba yake na babu yake. Binti alipomwambia kwamba anakwenda kwa wale wa michezo mipya, mzee alivuta kwanza kiko kizima.

"Huko kuna nini?"

"Kuna ukweli, Baba. Mtu akifunga mlango ni mlango. Akinywa supu ni supu."

"Kwetu mtu akijichora mistari ya buluu usoni, ukumbi mzima unajua ni mzuka. Nyinyi bila supu hamuelewi?"

"Hatuelewi."

"Basi nendeni mkale."

Hakuzungumza naye tena hadi mwaka mpya.

Siku hizo Bi Fusae alizikumbuka kama watu wanavyokumbuka sherehe. Walikuwa vijana, wana njaa, wanabishana juu ya namna ya kushika uma. Kisha vita vikaja, ukumbi ukafungwa, askari wakawakamata waigizaji kadhaa kwa sababu ya michezo hiyo, na yeye akazificha pua ndani ya debe la mchele chini ya sakafu. Vita vilipokwisha, onyesho la kwanza walilifanya katika ukumbi wa shule usio na vioo vya madirisha. Watu walikuja na makoti yao, wengine na mablanketi. Katikati ya mchezo theluji ikaanza kuingia dirishani na kuwaangukia waigizaji, theluji ya kweli, na ukumbi mzima ukapiga makofi kwa sababu walidhani imepangwa. Miaka ishirini baadaye, akikanda nta, Bi Fusae bado aliweza kuyasikia makofi yale.

Mambo yaligeuka msimu wa mvua wa mwaka wa arubaini na mbili wa Showa, yaani 1967. Bi Fusae alikuwa na miaka hamsini na minane.

Kundi lilikuwa limempa mchezo kijana mmoja anayeitwa Nishina, mwenye miaka ishirini na tisa, anayevaa sweta moja majira yote. Kama ilivyokuwa desturi, watu wote waliketi kwenye mikeka ya chumba cha mazoezi, wazee mbele, ili wasikie mpango.

"Tunaufanya tena mchezo wa daktari," Nishina alisema. "Bila kuta. Bila milango. Bila samovari ya chai, bila nywele nyekundu za bandia." Akavuta mikono ya sweta yake. "Bila pua."

Watu waligeuka kumtazama Bi Fusae, kisha wakatazama soksi zao.

Aliyesema kwanza alikuwa Mzee Shunpei Isogai. Yeye ndiye daktari, na amekuwa daktari tangu zamani. Kwa miaka thelathini na mmoja, ukiondoa ile ya vita, Bi Fusae alimbandika pua kabla ya kila onyesho.

"Sehemu ya tatu daktari anatembea kwenye theluji," alisema. "Theluji yenyewe itakuwa wapi?"

"Itakuwa mabegani mwako, Mwalimu."

"Mabega yangu yana baridi yabisi tu."

Watu walicheka, hata Nishina. Lakini hakurudi nyuma. Alisema Ulaya kwenyewe walianza kuzivunja kuta hizo kabla yeye hajazaliwa: wapo waliojenga ngazi na magurudumu tu jukwaani, wapo waliowasimamisha waigizaji wazungumze na watazamaji ana kwa ana, wawaulize maswali. "Sisi tunaiga nyumba ambazo wenyewe wameshahama," alisema. "Na watu wana televisheni. Wakitaka kuona supu ya kweli wataiona huko, au wataipika."

Baada ya mkutano alimfuata Bi Fusae chini ya ngazi, akapiga magoti mlangoni kwa heshima, maana ndani hapakuwa na nafasi ya wawili.

"Shangazi, usidhani kazi yako ni mbaya. Ni nzuri kupita kiasi. Watu wanakuja kutazama pua."

"Wewe unataka watazame nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana naondoa vitu."

Bi Fusae alimmiminia chai. Jibu lile halikumchukiza kama alivyotarajia.

"Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukayasikia kwenye korido," Nishina aliendelea. "Mchezo ukienda vizuri bila pua, chumba hiki kitakuwa cha taa."

"Usipokwenda vizuri?"

"Basi mimi ndiye nitakayeondoka, na pua zirudi."

Siku mbili baadaye alikuja Mzee Isogai. Alileta mfuko wa senbei, zile biskuti kavu za mchele, akaketi kwenye kiti kile alichokikalia maelfu ya mara, na kwa mazoea tu akainua kidevu. Akagundua, akakishusha.

"Siwezi, Bi Fusae."

"Huwezi nini?"

"Kutoka mbele ya watu na uso huu."

Pua yake ilikuwa imepinda upande wa kushoto. Bi Fusae alijua hivyo kama mwashi anavyojua kiwanja kina shimo. Miaka yote alikuwa akilijaza kwanza, ndipo ajenge. Alijua pia ilivunjikia gerezani, wakati ule wa vita. Yaliyobaki hakuwahi kuyauliza, na sasa aliambiwa bila kuuliza.

"Waliivunja siku ya tatu," Isogai alisema. "Siku ya nne nilisaini. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mchezo wa kuigiza ni kosa na kwamba nimetubu."

"Wengi walisaini."

"Wengi pua zao ziko sawa. Mimi nikijitazama naiona sahihi yangu."

Mvua ilipiga kwenye bati la nje. Bi Fusae alivunja senbei, akampa nusu.

"Nitengenezee moja," alisema Isogai. "Nyembamba. Isiwe ya Mrusi. Iwe yangu."

"Yako unayo."

"Hii hii, ilivyo, juu ya hii. Hakuna atakayejua. Lakini mimi nikijua kwamba kuna kitu kati yangu na wao, nitaweza kusema maneno yangu."

"Nikikataa?"

"Nitamwambia Nishina ukweli, kwamba siwezi. Wiki mbili zimebaki. Mtu mwingine wa kuyashika maneno yote hayo atamtoa wapi? Mchezo utavunjika."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mzee aliyechoka. Lakini Bi Fusae alisikia vizuri alichoambiwa. Akisema hapana, neno moja tu, Nishina ataondoka na chumba kitabaki. Akisema ndiyo, atakuwa amelijenga kwa mikono yake onyesho litakalomfukuza.

Alipanda treni jioni ile na hapana yake tayari mdomoni. Mbele yake walikuwa wameketi watu saba, na kama kawaida yake alianza kuwatazama pua: huyu angefaa kuwa hakimu ukimwongezea hapa, huyu mke wa mfanyabiashara. Alipofika wa nne alishtuka. Miaka arubaini na mmoja ya kazi hii, na hakuwahi kuitazama pua ya mtu bila kuiongezea kitu. Sasa mtu anamtaka atengeneze pua ambayo ni yenyewe, isiyoongezwa wala kupunguzwa, ya kuvaliwa mita tano kutoka kwa watazamaji, chini ya taa, na isionekane. Hebu fikiria fundi aambiwe hivyo. Ukweli wote ule walioutafuta na milango yao na supu zao, hawakuwahi kuufikisha hapo. Aliposhuka kituoni, hapana ilikuwa imeshapotea njiani.

"Kesho njoo mapema," alimwambia Isogai kwa simu ya dukani. "Usinyoe."

Nta haikufaa, ni nene. Alitumia hariri nyembamba, ile ya kutandia ndani ya kimono, aliyoilowesha kwenye gundi na kuibandika juu ya sura mpya ya plasta, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikauka kwa kupepewa. Ya kwanza ilikunjamana. Ya pili ilikuwa nzuri lakini ya mtu aliyekufa, haina vitundu vya ngozi. Alivichoma vitundu kwa sindano, kimoja kimoja. Alichora mshipa mwekundu ulio karibu na tundu la kulia, na kovu dogo la juu ambalo Isogai mwenyewe alikuwa amelisahau. Kule kupinda peke yake kulimchukua siku tatu. Alishika pua ya mzee kwa vidole viwili, akafumba macho, akarudi kwenye hariri, akashika tena.

"Unanifinya," Isogai alilalamika.

"Nyamaza. Nakusoma."

Siku ya onyesho la kwanza, Jumapili mchana, aliibandika mlango ukiwa umefungwa, kisha akampa kioo. Isogai alijitazama mbele, akajitazama ubavuni.

"Iko wapi tofauti?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo umefanya kazi siku kumi na tatu ili nifanane na mimi."

"Ndivyo ulivyotaka. Usicheke sana, ukingo haujakauka."

Bi Fusae alisimama nyuma ya pazia, mahali pake pa siku zote. Jukwaani palikuwa na mbao tupu, benchi moja, na taa inayoning'inia. Vijana wawili waliosimama kukabiliana ndio waliokuwa mlango. Daktari alipobisha hodi, alijipiga kifuani. Alipotaka kutoka nje aligeuza mgongo tu, na alikuwa nje. Kutoka alipo Bi Fusae hakuona uso wake. Aliona mgongo, na sehemu ya tatu alipoanza kutembea, na waigizaji wote wakanyanyuka kwenye vidole vya miguu na kunyamaza, mabega yale yenye baridi yabisi yalishuka taratibu, kidogo kidogo, kama yanabebeshwa kitu kisicho na sauti. Mtu mmoja ukumbini alifunga vifungo vya koti lake. Ilikuwa Julai.

Makofi yalichelewa kuanza, na yalipoanza hayakukatika.

Nishina aliingia chumba cha kuvalia macho yakiwa mekundu. Isogai alikuwa kwenye kiti, Bi Fusae nyuma yake ameshika pamba yenye spiriti.

"Mwalimu," alisema Nishina, "uso ule. Miaka yote hii tumekuwa tukiufunika. Leo ndiyo mara ya kwanza watu wameuona uso mtupu wa mtu jukwaani."

Kwenye kioo, Isogai alimtazama Bi Fusae, na Bi Fusae alimtazama Isogai. Alihitaji hatua moja tu. Apitishe pamba ile ukingoni, anyanyue, na chumba chake kingerudi siku hiyo hiyo. Kijana wa watu amelia mbele ya pua ya bandia, atasema nini tena? Pamba ilikuwa inadondosha matone sakafuni. Bi Fusae aliiweka kwenye sahani, akakunja mikono.

Aliyetia ukucha ukingoni alikuwa Isogai mwenyewe. Aliibandua polepole, kuanzia juu, akailaza mezani kati ya vikombe vya chai.

Nishina aliitazama ile ya mezani. Akaitazama ya usoni. Akaiokota na kuiinua kwenye taa, mwanga ukaipenya kama ganda la kitunguu.

"Lakini hii ni ileile."

"Ileile," alisema Bi Fusae.

"Sasa ya nini?"

"Niliogopa," Isogai alisema.

Nishina alikaa chini palepale kwenye mkeka. Aliigeuzageuza ile pua kiganjani mpaka Bi Fusae akaanza kumhurumia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na alikuwa anacheka, amejishika tumbo, machozi yanamtoka tena. "Nimelia," alisema. "Nimelilia hariri."

"Si wa kwanza," Bi Fusae alimwambia. "Kunywa chai."

"Na kesho, Mwalimu?"

Isogai aliugusa mfupa uliopinda. "Leo wameuona, na hakuna aliyeondoka."

"Walichoona ni kazi yangu," Bi Fusae alisema. Alijishangaa mwenyewe kwa ukali wa sauti yake.

"Basi kesho waione yangu. Tutajua kama kuna tofauti."

Kesho yake alitoka na uso wake, na kesho kutwa pia. Nishina alitimiza neno lake kama alivyolisema: mwisho wa mwezi mafundi walikuja kupima rafu kwa ajili ya taa. Alimwomba Bi Fusae abaki upande wa mavazi, akamwomba mara mbili, amepiga magoti. Bi Fusae alisema asante, lakini macho yake yamezoea vitu vya karibu zaidi. Alimpa kila mwigizaji sura yake ya plasta na kisanduku chake. Wengine waliondoka navyo wakiwa wamevifungia kwenye vitambaa, wamevikumbatia, na kwenye treni nadhani watu waliwapisha nafasi wakidhani ni majivu ya marehemu.

Onyesho la mwisho alikata tiketi, safu ya tano. Tangu aingie kundi lile hakuwahi kuutazama mchezo kutoka mbele, wala hakujua kwamba viti vyao ni vigumu hivyo. Isogai aliingia. Ile taa moja ilikuwa juu yake kidogo, upande wa kulia, na kivuli cha mfupa kilianguka shavuni.

Bi Fusae alisogea mbele kwenye kiti. Pua ilikuwa imepinda zaidi. Si sana, unene wa ukucha tu, lakini hakukosea. Ile aliyoitengeneza kwa siku kumi na tatu, kwa macho na kwa vidole, aliyoamini ni yenyewe kabisa, ilikuwa imenyooka kidogo kuliko hii. Mikono yake ilikuwa imemhurumia tena yule mzee, kama ilivyozoea, wala haikumuuliza yeye mwenyewe. Sasa vidole vyake vilikuwa vinatembea gotini, vinakandamiza kushoto, vinakandamiza tena, vikijaribu kuirudisha pale ilipo.

Mama mmoja aliyeketi kando yake alimwona. Alimwinamia na kunong'ona:

"Samahani, dada. Unamfahamu yule mzee?"

"Nimemshika pua miaka thelathini na mmoja," Bi Fusae alinong'ona, bila kutoa macho jukwaani.

Yule mama alifikiri kidogo. Akauvuta mkoba wake karibu, akautia mapajani, na wote wawili wakaendelea kutazama.